Gege alizaliwa msaliti? Tunavyoukosa udhanaishi katika ‘Kifo Kisimani’

WIKI jana mjini Meru, kijana mmoja wa chuo alinisimamisha baada ya mhadhara akaniuliza: “Mwalimu, ukimtoa Kezilahabi, nani mwingine ameandika udhanaishi kwa Kiswahili?” Nikamjibu upesi kwamba amwanzie jirani yake, Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka. Akacheka. Alidhani ninampigia debe mtu wa kwetu.

Namwelewa. Ukitaja udhanaishi, wengi wetu tunamkumbuka Kazimoto wa ‘Kichwamaji’ (1974), msomi anayesimulia maisha yasiyomwonyesha maana popote hadi akajiua. Marehemu Euphrase Kezilahabi, aliyetuacha Januari 2020, alilichukua kwa uzito swali ambalo Albert Camus aliliweka mbele ya maswali yote ya falsafa: je, maisha haya yanastahili kuishiwa? Kazimoto alijibu la. Camus mwenyewe alijibu ndiyo, ingawa jiwe la Sisyphus litaporomoka kila siku. Shida ni kwamba tumemfanya Kazimoto kuwa udhanaishi mzima, na sasa mwanafunzi akiona huzuni na kiza kitabuni anaandika “udhanaishi” na kusubiri alama.

Tazama basi ‘Kifo Kisimani’ (2001). Katika nchi ya Butangi, mtawala Bokono amekikalia kisima, na raia hawapati maji ila kwa masharti. Mwelusi anapinga, anafungwa, anateswa. Wakubwa wanapomshindwa wanamwendea Gege, ndugu yake, na kumwahidi kwamba atamwoa Alida, bintiye Bokono. Gege anamuua Mwelusi kisimani.

Mwelusi ni shujaa, sikatai. Lakini kusema kweli, mhusika anayejua tangu mwanzo kilicho sawa hunichosha kidogo. Gege ndiye anayeninyima usingizi.

Tamthilia hii ilipokuwa kitabu teule, niliifundisha katika shule moja karibu na Runyenjes, kule Embu. Swali nililowapa wanafunzi lilikuwa lile lile la kila mwaka: eleza sifa za Gege. Majibu nayo ni yale yale: ni msaliti, ni mwenye tamaa, ni katili, ni mjinga, ni kikaragosi. Kila sifa na mfano wake, basi, tunafungua ukurasa mwingine.

Sasa hebu tulitazame swali lenyewe. Jean-Paul Sartre, katika mhadhara wake wa 1945 jijini Paris, alishikilia kwamba mtu anakuwapo kwanza, kisha ndipo anajifanya kuwa kitu fulani kwa matendo yake. Mwoga hazaliwi na damu ya woga. Anakuwa mwoga kwa kutenda kiwoga, na kesho anaweza kutenda vingine. Lakini tunapomwambia mtoto aorodheshe sifa za Gege, tumekwisha kuugeuza mpango huo. Tunampa Gege usaliti kwanza, halafu kisa chake kinakuwa ushahidi tu. Tukisoma hivyo, njia anayoipita kuelekea kisimani inakuwa fupi mno, kwa sababu hapana mahali ambapo angeweza kurudi nyuma. Nayo sanaa ya Kithaka iko palepale. Gege hakuzaliwa muuaji. Aliahidiwa, akakubali, akaenda.

Wapo watakaoniambia kwamba hizi ni fikra za Wafaransa tunazomlazimishia mwandishi wetu. Sidhani. Wameru husimulia kwamba babu zao walitoka Mbwaa, walikoshikwa na Nguuntune, watu waliowapa kazi zisizowezekana: mtengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili! Wakakitengeneza, kwa ngozi inayoning’inia shingoni mwa ng’ombe. Baadaye, wakiongozwa na Koomenjoe, waliamua kuondoka wavuke maji. Hakuna aliyewapa maana ya mateso yale. Waliipata kwa kuvuka, kisha kwa kusimulia. Sidai Kithaka aliitoa Butangi humo. Nasema tu kwamba swali la mtu kuchagua chini ya mkono wa dhalimu halikuja huku kwa meli.

Turudi Runyenjes. Kulikuwa na mvulana wa nyuma kabisa darasani, mtoto wa Mbeere, ambaye hakupenda kuandika mengi. Tulipomjadili Gege aliinua mkono akauliza: “Kwani mwalimu, angekataa, wangemfanya nini?” Darasa likacheka. Nikamwambia swali hilo halimo katika mwongozo. Akasema kwao baba yake na amu yake hawasalimiani kwa ajili ya shamba, na kila mmoja husema alilazimishwa. “Sasa mimi sijui nani alilazimishwa,” akasema, akaketi.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula aliandika sifa moja pekee. Hakuandika kwamba Gege ni msaliti wala mwenye tamaa. Aliandika kwamba Gege ni mtu aliyeweza kukataa, akaeleza hoja hiyo kwa ukurasa mzima kwa mwandiko wake mbaya.

Nilimpa alama mbili kwa kumi. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka sifa tano. Siwezi kusema nililazimishwa.