Neno "Delivery" na Tafsiri Zake: Mifano ya Pwani ya Malindi na Kilifi

Husemwa mara kwa mara, hata katika kumbi zetu za mihadhara, kwamba Kiswahili kina upungufu kwa sababu hakina neno moja linalolingana na delivery la Kiingereza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kinachoitwa upungufu ni upambanuzi, na kwamba mfasiri anayeupuuza hupoteza habari.

Tuanze na uzazi. Katika Kiingereza, kitenzi kile kile huweza kumhusu mama, mkunga na hata mtoto. Kiswahili hakiruhusu mchanganyiko huo. Mama huzaa au, kwa lugha ya adabu, hujifungua, mkunga humzalisha mama, mtoto huzaliwa. Viambishi vya mnyambuliko humweka kila mhusika mahali pake. Tuchukulie muuguzi wa Kilifi anayemuuliza mama, "Nani alifanya delivari?" Mama huyo, ambaye huenda lugha yake ya kwanza ni Kigiriama, hajui kama anaulizwa habari zake mwenyewe au za mkunga. Hata "Nani alikuzalisha?" si swali salama, maana katika mazungumzo ya siku hizi kumzalisha mwanamke ni pia kumpa mimba. "Ni mkunga gani aliyekuzalisha?" ndilo swali lililo wazi na lenye heshima. Jambo hili si dogo: jibu lake ndilo linalomjulisha daktari kama mama alihudumiwa na mtu mwenye ujuzi.

Kuhusu bidhaa, Kiswahili hutofautisha mwelekeo na hatua za safari. Kuleta ni kuja na kitu alipo msemaji. Kupeleka ni kwenda nacho kwingine. Kufikisha ni kuhakikisha kimewasili. Kukabidhi ni kukitia mkononi mwa mpokeaji, na hapo dhamana ya mchukuzi hukoma. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga Uchina, kwa mfalme Yongle. Tukisema "walimpeleka", twiga angali baharini. "Walimfikisha" hutujulisha kuwa alivuka bahari salama. "Walimkabidhi" hutuonyesha kuwa kazi ya wajumbe imekwisha. Mwenye duka anayetangaza leo kwamba "anafanya delivari" angetoa ahadi nzito zaidi kwa kuandika "tunakufikishia".

Mfano wenye uzito kuliko yote umo Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianzisha kituo cha misheni mwaka 1846. Baadaye watumwa wengi waliotoroka walipata hifadhi hapo na katika misheni jirani. Mwanzoni mwa mwaka 1889, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru. Je, watu hawa waliokolewa au walikombolewa? Kuokoa ni kumtoa mtu hatarini. Kukomboa, kama mtu anavyokomboa kitu alichoweka rehani, ni kukitoa kwa malipo. Anayeandika "waliokolewa" huificha bei. Anayeandika "walikombolewa" humfanya msomaji aulize nani alilipa, na nani alipokea. Lakini kitenzi hicho nacho hakitoshi, kwani kabla ya fidia kulipwa watu hao walikuwa wamekwisha kutoroka. Walijiokoa kwanza, ndipo wakakombolewa. Kiambishi -ji- ndicho kinachowarudishia kitendo chao wenyewe, na historia isiyokuwa nacho humpa sifa mlipaji peke yake.

Kuhusu usemaji hatuna haja ya kurefusha maneno: hotuba hutolewa, hoja huwasilishwa, shairi hughaniwa.

Hatusemi kwamba maneno ya mkopo yafukuzwe. Kiswahili kilipokea meza na leso kutoka kwa Wareno, na hakuna anayeyaonea haya leo. Delivari nalo limekwisha kuenea vinywani mwa waendesha bodaboda, na linaweza kubaki katika kazi yao. Tunachokipinga ni kuliacha liingie wodini, mahakamani na katika vitabu vya historia, mahali ambapo ni lazima ijulikane nani alitenda na nani alitendewa. Kwa hiyo kamusi zetu zisiorodheshe visawe tu vikitenganishwa kwa mikato. Kila kisawe kielezwe kwa kutaja mtenda, mtendwa na mpokeaji. Hapo ndipo mfasiri atakapochagua akijua anachokichagua.