Haki za Raia: Je, Mwenye Nyumba Hazimhusu?

Wapo wanaodai kuwa haki za raia ni madai dhidi ya Serikali peke yake, na kwamba mwenye nyumba wa Tandale au Mbagala, akiwa mtu binafsi, ana hiari kamili na mali yake. Tunaona dai hili lina kasoro, kisheria na kifiqhi.

Ibara ya 30(3) ya Katiba inamruhusu anayedai kuwa haki yake imevunjwa na mtu yeyote, popote nchini, kufungua shauri Mahakama Kuu. Mwenye nyumba yumo. Lakini ibara ya 13(4), inayokataza ubaguzi, inamgusa anayetekeleza madaraka ya kisheria au kazi za Serikali. Basi anayemkataa mpangaji kwa kabila au dini yake ana pa kuponyokea. Tena, kwa Sheria Na. 33 ya 1994, mashauri haya husikilizwa na majaji watatu, na Mahakama hujizuia ikiwapo njia nyingine ya kutosha. Utaratibu huo unafaa panapopingwa sheria ya Bunge. Kwa mpangaji aliyepigiwa kufuli kabla kodi aliyolipa haijaisha, ni mzito mno. Ataelekezwa Baraza la Ardhi na Nyumba, ambako atadai mkataba wake, si utu wake.

Wanazuoni wa fiqhi hawakuanza kwa kuuliza kama mkosaji ni mtawala au jirani. Waliuliza haki ni ya nani: ya Allah au ya waja. Abu Daud amepokea kisa cha Samura bin Jundub, aliyemuudhi Ansari kwa mtende wake uliokuwa ndani ya bustani ya mwenziwe. Alipokataa kuuza, kubadilishana na kutoa, Mtume (s.a.w.) aliamuru ung'olewe. Sanadi yake imesemwa, lakini kanuni ya kutodhuru inaitia nguvu maana yake.

Watasema ijara ni ridhaa. Ni kweli; ridhaa humlinda mwenye mali kabla ya mkataba. Baada yake, manfaa ya nyumba ni ya mpangaji hadi muda wake, na anayemfungia mlango hastahiki kodi ya siku hizo.

Maimamu wasisubiri majaji watatu. Muislamu anayelalamikia ubaguzi wa watawala, naye anawabagua wapangaji uani kwake, ameshajihukumu.

Wallahu a'lam.