Kuitambua Injini ya Mvuke Iliyotunzwa

Mtu aliyehudumia boila ya kiwanda cha sukari cha West Kenya, hapa Kabras, ana jicho ambalo wapenzi wengi wa magarimoshi hawana. Makapi ya miwa yanawaka kila siku ya kusaga, mvuke unaendesha mitambo, na yeye anajua presha haina mzaha. Aende na jicho hilo Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, atatofautisha injini iliyohifadhiwa na iliyopakwa rangi tu.

Wageni wengi huishia kwa injini kubwa ya aina ya Garratt, nambari 5918, Mount Gelai, yenye uzani wa zaidi ya tani 250. Ni sawa, inastahili. Lakini mimi humpeleka mwanafunzi kwanza kwenye injini ndogo ya aina ya ED1, kazi ya Vulcan Foundry ya Uingereza, miaka ya 1920. Inabeba maji yake kwenye matangi ya ubavuni. Hii ilikuwa ya kushanti mabehewa stesheni, wakati injini kubwa zaidi zikivuta mizigo kupitia Timboroa, Lugari na Webuye kuelekea Uganda. Kwa udogo wake unaifikia sehemu karibu yote bila ngazi.

Anza na tanuri. Ukuta wa ndani na wa nje hushikwa pamoja na mamia ya vyuma vifupi, stei, na maji hukaa katikati. Ukiruhusiwa, gonga vichwa vyake kimoja kimoja kwa nyundo ndogo na usikilize. Stei nzima hulia. Iliyokatika hutoa mlio mfu, kama chungu chenye ufa. Zikiwa kadhaa zimekatika mahali pamoja, ukuta huo hauaminiki tena, hata nje kung'ae vipi. Kisha tazama dari la tanuri, utafute plagi yenye kiini cha risasi. Maji yakishuka chini ya dari, risasi huyeyuka na mvuke hufoka ndani ya tanuri kumwonya dereva. Plagi hiyo ikiwa imezibwa kwa kulehemu, aliyeifanyia kazi injini hiyo hakukusudia iwashwe tena, na ni haki mtazamaji aambiwe.

Ukoko ambao maji huacha ndani ya boila nao una habari zake. Mafundi wa Kabras hutibu maji kabla hayajaingia kwenye boila. Dereva wa reli alitegemea maji ya stesheni mbalimbali, ndiyo maana boila ilioshwa mara kwa mara kupitia plagi za kuoshea za pembeni. Nyuzi za plagi hizo zikiwa zimelika, boila ilifanya kazi sana. Hilo si aibu.

Sasa mikono mirefu inayounganisha magurudumu. Pangusa grisi, utafute nambari zilizogongwa kwenye chuma. Zikitofautiana usikimbilie kulalamika: karakana ilihamisha vipuri kutoka injini moja hadi nyingine ili kazi isisimame, na nambari hizo ndizo ushahidi. Kinachoniudhi ni fundi anayezisaga ili chuma kionekane kipya. Amefuta kumbukumbu isiyoandikwa popote pengine.

Rangi niliiacha hadi sasa kwa makusudi. Ile nyekundu iliyoiva ya Reli za Afrika Mashariki inapendeza, ila ikiwa nene mno hufunika riveti na mashimo ya kutu. Bonyeza bati la chini ya tangi kwa kidole gumba, likibonyea, limeoza. Kutu mbaya zaidi imejificha chini ya jaketi ya boila, ambako kizuia joto cha zamani hunyonya mvua. Usikichokoe kamwe: boila nyingi zilifunikwa kwa asbesto.

Mwisho, omba daftari la matunzo ya injini. Liwe na tarehe boila ilipopimwa kwa maji baridi, silinda zilipotiwa mafuta, na magurudumu yaliposogezwa ili bearingi zisigande. Tazama na dohani: kifuniko chake, hata kipande cha bati, huzuia mvua nyingi isiingie ndani.