Sentineli anayesema «kuna kitu» tu

Wandugu, mimi niko mtu wa agronomi, si wa informatike. Lakini hii mambo ilinigusa. Wakati wa memuari yangu, vantilatere ya ordinatere yenye hesabu ya mbegu zilizoota ilisimama usiku. Programu yangu ilikuwa inasoma joto kila dakika 10. Mbele isome tena, mashini ilizimika ghafula, faili ikaharibika. Wiki tatu za kuhesabu, bure. Sensa ilijua, ila haikuita mtu.

Njo nikaenda kuangalia Linux inafanya namna gani. Ndani ya kerneli kuna sehemu inaitwa hwmon, inaweka vipimo katika /sys/class/hwmon. Faili temp1_input ni joto yenyewe (45000 maana yake digrii 45), temp1_max ni mpaka, na temp1_max_alarm inageuka 1 mpaka ukipitwa. Zamani, mara nyingi ilibidi programu isome hizo faili tena na tena, kama yangu. Mwaka 2020 waliongeza hwmon_notify_event: sensa ikitoa onyo, kerneli yenyewe inaamsha programu. Hapo nawapa heko.

Lakini mwanzoni onyo la uevent lilisema tu kwamba kifaa kimebadilika. Ni kama sentineli anayegonga dirisha, anasema «kuna kitu», anarudi kulala. Baadaye wakaongeza jina, NAME=temp1_max_alarm. Ni vizuri, ila bado haisemi joto ni ngapi, wala kama hatari imeanza ama imeisha. Lazima programu irudi kusoma faili. Mtu atasema namba ya zamani haina faida. Nakubali nusu: kwa kuamua sasa, soma upya, lakini asubuhi, ukitafuta kilichotokea, ile namba ya zamani njo ushahidi.

Kosa kubwa kwangu ni lingine. Viendeshi vingi vya sensa havitumii hiyo njia, na chipu isiyo na waya wa kuamsha prosesa haiwezi kuita yenyewe. Faili ya onyo unaiona palepale, sawa na zingine, kumbe ni bubu. Kila kiendeshi kingetangaza wazi: mimi naita, ama mimi nangoja kusomwa.

Mpaka hapo, wewe uko unaandika memuari, usiamini faili ju tu iko. Pasha sensa moto kidogo, uone kama itaita. Na copy ya data ikae kwingine. Nyinyi munaonaje?