Mguu Mwepesi Kwenye Lami Iliyolowa

Mzunguko wa kwanza wa mbio za Formula 1 za Donington Park, Uingereza, tarehe 11 Aprili 1993, umetazamwa na watu wengi kwenye video, na bado unastahili kutazamwa polepole. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, mvua imenyesha na lami inang'aa. Ayrton Senna aliondoka nafasi ya 4 akiwa na McLaren yenye injini ya Ford, injini iliyozidiwa nguvu na zile za Renault zilizokuwa kwenye magari ya Williams ya Alain Prost na Damon Hill. Kufika kona ya kwanza, Redgate, alikuwa ameshashuka hadi nafasi ya 5. Alimpita Michael Schumacher wakitoka kwenye kona hiyo, akampita Karl Wendlinger kwenye mteremko wa Craner, akampita Hill pale McLeans, na Prost, ambaye tayari alikuwa bingwa wa dunia mara 3, akampitia ndani kwenye kona kali ya Melbourne. Mzunguko wenyewe una urefu wa kilomita 4 tu. Ulipoisha, Senna alikuwa mbele ya wote.

Wengi wakiusimulia mzunguko ule husifu ujasiri. Ujasiri alikuwa nao, lakini hata wale 4 aliowapita hawakuwa waoga. Ninachokiona mimi ni ufundi wa mkono na mguu, na zaidi ya hapo, ufundi wa kujua lami inashika wapi. Mtazame pale Craner, barabara inateremka huku inapinda. Wendlinger anafuata njia ambayo dereva yeyote angeifuata siku ya jua. Senna anakwenda nje yake, upande ambao siku kavu hakuna anayeutaka, na gari lake linatulia kana kwamba liko kwenye lami nyingine.

Na kweli lilikuwa kwenye lami nyingine. Kwenye uwanja wa mbio magari yote hupita mstari mmoja, na kila yanapopita huacha mpira wa tairi ukiwa umegandamana na barabara. Siku kavu mpira huo ni neema, maana tairi hushika vizuri juu yake. Mvua ikinyesha, mstari huohuo uliosuguliwa na kupakwa mpira na mafuta unakuwa utelezi mtupu. Sehemu inayoshika sasa ni ile iliyoachwa, yenye kokoto za lami bado zimechongoka, pembeni kabisa au nje ya kona. Dereva wa mvua anaitafuta kwa tairi zake, anajaribu hapa, anarudi, anajaribu pale, na anapolazimika kuukata ule mstari wa utelezi anaukata haraka, usukani ukiwa umenyooka. Senna alianza kujifunza hayo akiwa kijana kwenye magari madogo ya kart huko São Paulo. Inasimuliwa kwamba baada ya kushindwa vibaya siku moja ya mvua, kila mawingu yalipofunga yeye alitoa kart yake na kwenda uwanjani, wenzake wakiwa wanakimbilia kujikinga.

Gari lolote, liwe Formula 1 au Subaru yenye turbo inayopita Barabara ya Mombasa, limeshikwa na ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja, kwa gari la kawaida, kikikaribia ukubwa wa kiganja. Kupitia vipande hivyo linaongeza mwendo, linafunga breki na linakata kona. Uwezo wa kushika ni mmoja na matumizi ni matatu. Ni kama mshahara wa mwezi: ukiumaliza wote kwenye breki, kona itakukuta huna kitu. Mvua inaupunguza mshahara huo, wala haikwambii imekata kiasi gani. Ndiyo maana gari lenye nguvu nyingi linahitaji dereva mpole zaidi. Injini ya farasi 300 haijui kwamba lami imelowa. Ukikanyaga mafuta kwa ghafla inatuma nguvu zote, na turbo ikiamka katikati ya kona, mkia wa gari unatangulia.

Hapo ndipo mguu unapoanza kazi yake, nami naona hakuna sehemu ya udereva iliyo nzuri kuitazama kama hii. Dereva hodari akikaribia kona kwenye mvua haikandamizi breki mara moja. Anaigusa kwanza, mguso wa kuliambia gari kwamba uzito sasa unahamia mbele. Pua inainama kidogo, tairi za mbele zinabebeshwa uzito na kushika zaidi, kisha ndipo anaongeza nguvu. Kazi kubwa ya kupunguza mwendo anaimaliza gari likiwa bado limenyooka. Halafu, na hili ndilo gumu, haiachii breki kwa kuinua mguu. Anaiachia taratibu huku mikono inaanza kuzungusha usukani, hivi kwamba kadiri breki inavyopungua ndivyo kona inavyoongezeka, na kiungo kati ya vitendo viwili hakionekani. Akifika katikati ya kona anangoja. Mafuta anayaongeza usukani unapoanza kurudi, kidogo kidogo, mara nyingi akiwa kwenye gia ya juu kuliko ile ambayo angeitumia siku kavu, ili injini isivute kwa nguvu. Aliyekaa kiti cha abiria asiyejua magari atasema tu kwamba safari ilikuwa laini.

Dereva Jackie Stewart wa Uskoti alitafuta namna ya kuufanya ulaini huo uonekane. Aliwafundisha watu kwa kuweka bakuli juu ya boneti, ndani yake mpira, kisha dereva anaendesha. Kazi ni mpira usiruke nje. Ukifunga breki kwa pupa, unatoka. Ukikata kona kwa kushtua, unatoka. Mazoezi ya kitoto hayo, mtu angesema. Lakini aliyeyabuni anajua mvua kwa namna ambayo wachache wanaijua.

Mwezi Juni 1966, kwenye mbio za Spa nchini Ubelgiji, mvua kubwa iliwakuta katika mzunguko wa kwanza. Gari la Stewart lilitoka barabarani kwa kasi na kukunjamana, yeye akanaswa ndani huku petroli ikimlowesha mwili. Hakukuwa na waokoaji. Madereva wenzake wawili, Graham Hill na Bob Bondurant, ndio waliomtoa, na ilibidi waazime spana kwa mtazamaji ili wafungue usukani. Ilichukua kama dakika 25. Baada ya hapo Stewart alikuwa akienda mbioni na spana iliyobandikwa kwenye gari lake, na akaanza kampeni ndefu, iliyomletea maadui, ya kudai mikanda ya usalama, vizuizi vya maana na madaktari viwanjani.

Ni mtu huyohuyo ambaye tarehe 4 Agosti 1968 alikwenda Nürburgring, Ujerumani, njia ya kilomita karibu 23 inayozunguka msituni, siku ya mvua na ukungu mzito kiasi kwamba gari la mbele lilionekana kama wingu la maji tu. Kifundo chake cha mkono kilikuwa kimevunjika mapema mwaka ule na bado amekifunga. Alianza nafasi ya 6. Alishinda kwa tofauti ya zaidi ya dakika 4. Katika mchezo ambao ushindi hupimwa kwa sekunde, hizo ni enzi. Sidhani hofu ya Spa ilimpunguzia kasi. Naamini ndiyo iliyomfundisha kutoliomba gari kitu ambacho lami haiwezi kutoa, na dereva asiyeomba cha ziada hapotezi muda kurekebisha makosa. Kwenda kasi kwenye mvua na kufika salama kwenye mvua ni ufundi mmoja, uliopimwa kwa vipimo tofauti.

Huku kwetu Afrika Mashariki ushahidi wake upo siku nyingi. Safari Rally ilipangwa Pasaka, yaani masika, na mwaka 1963 na 1968 mvua ilikuwa mbaya kiasi kwamba kila mara magari 7 tu yalimaliza. Miaka yote miwili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari ni lilelile la aina ya Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wetu walilijua kama teksi na gari la kubebea mizigo. Mitambo mikubwa kuliko hiyo ilibaki kwenye tope.

Maji yana hila nyingine ambayo mguu peke yake hauiwezi. Tairi linapokwenda kasi juu ya maji yaliyotuama lazima liyasukume pembeni, na kazi hiyo inafanywa na mifereji iliyo kati ya kashata zake. Tairi la mvua kubwa la Formula 1, kwa maelezo ya Pirelli wanaolitengeneza, linaondoa hadi lita 85 kwa sekunde gari likiwa kwenye kilomita 300 kwa saa. Mifereji ikishindwa, maji yanajipenyeza chini ya mpira na gari linaelea. Linaweza kuelea hata kwenye njia iliyonyooka. Estoril, Ureno, mwaka 1985, siku Senna aliposhinda mbio zake za kwanza za Formula 1, Prost alilipoteza gari mahali pasipo na kona.

Watafiti wa NASA waliochunguza ndege zinazotua kwenye viwanja vyenye maji walipata kanuni ambayo kila mwenye gari angefaa kuijua: kasi ya kuanza kuelea inategemea upepo uliomo kwenye tairi. Lenye upepo wa psi 32, likiwa limeisha kashata na maji ni ya kutosha, linaanza kuelea kwenye kilomita 94 hivi kwa saa. Lenye 25 linaelea kwenye 83. Kwa hiyo yule anayesimama kituo cha mafuta akajaza upepo kabla ya safari ya masika ameshaanza kuendesha vizuri kabla hajawasha gari. Sheria za Ulaya zinataka mifereji isipungue milimita 1.6, lakini wenye magari ya kasi wanaojali hawangoji kufika huko.

Dereva mzuri hujua kuelea kunakuja kabla hakujafika. Usukani unakuwa mwepesi mikononi, mwepesi wa kutilia shaka. Na sikio nalo linasikia: tairi zinazochapa maji zina mlio wa kuchuruzika, na maji yakizidi mlio unabadilika, unakuwa mzito na kugonga chini ya sakafu. Porsche walipotoa toleo jipya la 911 mwishoni mwa 2018 waliweka vipokea sauti ndani ya mapango ya magurudumu ya mbele, ili gari lisikilize maji yanayorushwa na kumwonya dereva. Nilifurahi kusoma hilo. Wahandisi wa Porsche wameliongezea gari sikio ambalo madereva wa zamani walikuwa nalo tayari. Kuelea kunapokutokea, mikono inabaki ilipo, mguu unapunguza mafuta bila kuachia ghafla, breki haiguswi, hadi tairi zirudi chini zenyewe.

Mitambo ya kisasa inasaidia kweli. Breki za ABS ziliingia kwenye Mercedes mwaka 1978, na mfumo wa kulituliza gari, unaofunga breki ya gurudumu moja pekee mkia ukianza kutoka, ulifuata mwaka 1995. Tusiizime kwa majivuno. Lakini mifumo hiyo inagawa tu uwezo uliopo. Haiwezi kuongeza kushika kusikokuwapo. Mkia ukishatoka kweli, kinachookoa ni macho. Mtu akiutazama mti, ataufuata mti. Fundi anatazama barabara anakotaka kwenda, mikono inafuata macho, usukani unageuka kuelekea upande mkia unakokwenda, kisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea, unarudishwa mapema, kabla gari halijachapa upande wa pili. Kipimo ni kuurudisha nyuzi zilezile ulizouzungusha, kwa mwendo uleule wa mkia. Wakufunzi huwarudisha wanafunzi kwenye sakafu iliyomwagiwa maji, kwa mwendo mdogo, mpaka mikono ijue bila kuulizwa.

Niki Lauda naye alikuwa bingwa wa ufundi huu, na ningemweka juu kabisa kwa jambo alilolifanya Fuji, Japani, Oktoba 1976. Mwezi Agosti alikuwa ameungua vibaya Nürburgring. Kope zake hazikuwa zikifunga sawasawa. Mbio hizo za mwisho wa msimu zilianza katika mvua kubwa, yeye akimtangulia James Hunt kwa pointi 3 tu za ubingwa. Baada ya mizunguko 2 aliingia kwenye kituo cha timu na kushuka. Mhandisi wa timu yake, Ferrari, alijitolea kusema kwamba injini imeharibika. Lauda alikataa, injini ilikuwa nzima, akasema, na mvua ilikuwa imezidi. Hunt alichukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 1. Mwaka uliofuata, 1977, Lauda aliuchukua tena akiwa na Ferrari ileile.