Wanaosoma Asali kwa Hadubini

Asali safi iliyochujwa vizuri haituonyeshi mengi zaidi ya rangi yake. Mtaalamu wa chavua haishii hapo. Hupima gramu 10, huziyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, humimina kwenye mirija na kuizungusha kwa mashine yenye kasi hadi vilivyo vizito vitue chini. Maji matamu humwagwa. Hubaki mashapo kiduchu kwenye ncha ya mrija, uchafu ambao mwingine angeusuuza bila kufikiri. Kwake yeye, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mashapo hutandazwa juu ya kioo, hukaushwa taratibu, hufunikwa, kisha hutazamwa kwa hadubini inayokuza mara 400. Hapo asali hutaja ilikotoka. Chavua ya alizeti imejaa miiba. Ya mikaratusi ina pembe tatu. Ya migunga huja kwa mafungu, mara nyingi chembe 16 zimeshikana pamoja. Ukuta wa chavua ni mgumu ajabu: asidi kali inayoyeyusha vya ndani huuacha mzima na nakshi zake zote. Mtaalamu huhesabu chembe moja moja, mamia yake, akiandika kila moja ni ya ua gani. Mmea ukifikisha zaidi ya asilimia 45 ya chavua yote, kwa kawaida husemwa kuwa ndio uliotawala. Lakini asiyejua maua atapotoshwa na hesabu hiyo, maana asali halisi ya michungwa huwa na chavua haba ya michungwa, na yapo maua mengine yanayomwaga chavua tele huku mbochi wake ni kidogo. Hapa ndipo ninapowavulia kofia wataalamu hawa: namba wanazo, na bado hawaziamini mpaka wazipime kwa wanavyoujua mmea wenyewe.

Asali ya mmea wa manuka wa New Zealand ndiyo iliyowatoa jasho. Mapema katika miaka ya 1980, Peter Molan, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Waikato, alianza kuchunguza nguvu yake dhidi ya bakteria. Jaribio lenyewe linavutia kulitazama. Sahani hupandwa bakteria, hutobolewa tundu, na tundu hutiwa asali. Baada ya saa kadhaa, pembeni mwa tundu hujitokeza duara angavu ambamo bakteria hawakuota. Asali nyingi hufanya hivyo, kwa sababu kimeng'enya kinachotoka kwa nyuki huzalisha haidrojeni peroksaidi asali inapochanganyika na maji. Ukiongeza katalesi, kimeng'enya kinachoivunja peroksaidi hiyo, duara la asali ya kawaida hufifia au hutoweka. La manuka lilibaki.

Kwa nini? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 2008, kundi la Thomas Henle mjini Dresden, Ujerumani, lilieleza kuwa kinachofanya kazi ni methilglioksali. Baadaye ilionekana kuwa chanzo chake kimo katika mbochi wa ua lenyewe: dihidroksiasetoni, ambayo hugeuka polepole kuwa methilglioksali asali ikiwa imetulia ghalani.

Kumbe hadubini peke yake isingetosha kuthibitisha asali hiyo. Chavua ya manuka na ya jirani yake, mmea wa kanuka, hazitenganishiki kwa macho hata chini ya lenzi nzuri. Tangu 2018, serikali ya New Zealand inadai asali ya manuka inayouzwa nje ipimwe kemikali nne maalumu, pamoja na DNA ya chavua ya manuka. Kwa hiyo chembe ile ile bado inahojiwa, ila sasa kwa njia nyingine.

Natamani uvumilivu huo uifikie asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo Watanzania wengi huinunua kama dawa. Mwaka 2020 watafiti wa Australia waliripoti kuwa asali ya nyuki wa jamii hiyo kutoka Australia, Malaysia na Brazili ina sukari iitwayo trehalulosi kwa wingi. Kuisoma ya kwetu kunaanzia porini, si maabara: kukusanya maua ya miyombo na mininga yanapochanua, kukung'uta chavua ya kila moja juu ya kioo chake, kuandika jina la mti, mahali na tarehe, na kurudi msimu unaofuata kutafuta maua yaliyokosekana.