Mji wa Kampuni na Mji wa Soko
Kijitabu Vocabulaire de Ville de Elisabethville, kilichotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga, ni historia ya mji isimuliwayo na watumishi wa nyumbani. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuitwa kuondoka kwa hiari. Tangu hapo, wengi huzikumbuka kwa hamu nyumba, shule na posho za kampuni. Yav huonya: mji wa kampuni ulikuwa pia mji wa ubaguzi na utii. Kilichotolewa kwa fadhila, si kwa haki, kilinyang'anywa kwa urahisi. Basi uhakiki wa ubinafsishaji usidai baba mpya, bali haki ya wajenzi wa mji.